Nukta Tatu kwenye Difu

Dada mpendwa,

Huku tunasukuma siku. Mama bado hainuki bila fimbo kwa sababu ya magoti, na bati la jikoni nimeliziba.

Gari langu liliharibika difu ya mbele, ile gia ya kuzungusha magurudumu. Bei ya mpya haishikiki, kwa hiyo Jumanne nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu.

"Mkweche huo haujauzika tu?" alinitania.

"Nikiuuza, wewe utakula nini?"

Akanitolea difu iliyotumika. Nilipofuta grisi niliona nukta tatu za patasi. Unakumbuka baba alivyogonga nukta tatu kwenye kila chuma cha gari lake, ili mafundi wasimbadilishie. Ndilo gari aliloondoka nalo mdogo wetu miezi minne iliyopita.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ukinunua nyama, humuulizi ng'ombe jina." Kisha akaniona uso. "Gari lenyewe lililetwa limekatwakatwa, kaka. Viti vilikuwa na damu."

Polisi waliandika maelezo, wakanirudishia chuma. Nimekifunga kwenye gari langu, maana bila gari siwezi kwenda kumtafuta.

Mama sikumwambia kitu. Jana niliingia uani, difu ikilia mlio wake ule wa zamani, wa gari la baba. Mama akatoka bila fimbo, anakimbia, dada, anaita, "Mwanangu! Nilijua utarudi!"

Nilizima injini, nikashindwa kushuka.

Njoo. Peke yangu siwezi kumwambia.

Ni mimi, nduguyo uliyebaki naye.