Dawa ya Daktari na Dawa ya Mwanangu

Bacarra,
Ilocos Norte.
9 Machi, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Perlita,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ni magoti yangu tu yanayolalamika kila nikiinama. U hali gani huko Honolulu? Wale wazee unaowatunza wanaendeleaje, na yule bibi anayeficha meno yake ya bandia ndani ya viatu ameacha au bado? Nakuombea afya kila Jumapili, na Jumapili iliyopita nilikuombea mara mbili kwa sababu hupokei simu.

Mama ni mzima. Naliandika hilo mapema ili usisome barua hii moyo ukikwenda mbio. Yuko hapa barazani anasuka mafungu ya vitunguu saumu vya mavuno mapya, na ameshanisema kwamba mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyechakura.

Najua kwa nini umenyamaza. Benedicto amenidokeza kwamba hulali, na kila akikushikisha simu unasema utampigiaje Mama wakati wewe ndiye uliyemwangusha. Wiki tatu sasa. Nakuonea huruma, mdogo wangu, na pia nimekasirika kidogo, maana hilo si kweli, na mumeo hakusikia habari yote. Ndiyo maana nakuandikia. Barua haikatwi kama simu.

Mwezi wa kumi na moja daktari wa zahanati alimbadilishia Mama dawa ya presha. Ile ya zamani peke yake ilikuwa haitoshi tena, akampa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake, ameze kimoja kila asubuhi. Presha ikatulia. Mwaka mpya ulipoingia likafika sanduku lako. Ndani mlikuwa na sabuni, kahawa, nyama za kopo, viatu ambavyo havikumtosha mtu yeyote, na kile kichupa cha vidonge vya presha ulichokiandika kwa kalamu: "Mama, hivi vimenikubali sana."

Nasi unatujua. Dawa ikimkubali mmoja, tunawagawia ndugu na jirani kama mboga. Mimi mwenyewe nilimpa jirani yetu Saling vidonge vyangu vya tumbo, akashinda siku mbili chooni, na bado alitoka huko ananishukuru. Kwa hiyo kichupa chako sikukiuliza swali. Mama akawa anameza cha zahanati asubuhi na chako jioni.

Siku ile aliinuka kwenye lundo la vitunguu saumu, macho yakaingia giza, akaanguka na kupiga paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Zahanati wakamshona nyuzi tano. Presha ilikuwa imeshuka mpaka nesi akampima mara mbili, akidhani mashine imeharibika.

Nesi huyo anaitwa Jocelyn, mwanamke mfupi asiyetaka porojo. Aliniambia, "Dada, nenda nyumbani, niletee kila kitu anachomeza. Hata cha kikohozi, hata majani ya kuchemsha. Usinichagulie." Nikamletea mfuko mzima. Akavipanga mezani, akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa, ambayo sisi hatujawahi kuyasoma. Vidonge vyako na vya zahanati vina majina tofauti na rangi tofauti, lakini ndani yake dawa moja ni ileile. Mama alikuwa anaimeza mara mbili, na juu yake dawa nyingine mbili zinazoshusha presha, moja katika kila kidonge. Vyako ni vizuri, Perlita. Ni vizuri kwako, kwa presha yako, kwa kipimo alichokupa daktari wako. Wahenga walisema nia njema ni tabibu, lakini hata tabibu huuliza kwanza mgonjwa anameza nini.

Sasa sikiliza sehemu ambayo Benedicto haijui, kwa sababu niliona aibu kumwambia. Tuliporudi nyumbani daktari alikuwa ameagiza Mama aendelee na kile kidonge chake kimoja. Mimi kwa hofu nikavifungia vyote kabatini. Nikamwambia Mama apumzike kumeza vidonge, ale vitunguu saumu vibichi, tunavyo gunia zima. Siku ya nne kisogo kikamkaza, kichwa kikamuuma, akawa haoni vizuri tarakimu za kalenda. Presha ilikuwa imepita mia mbili. Daktari akaniuliza mbele ya watu, "Mama mzima wewe, nani kakwambia ukiacha dawa na presha nayo inaacha?" Usiku ule niliogopa kuliko siku aliyoanguka.

Basi wewe ulizidisha, mimi nikakatiza. Tukigawana lawama, fungu langu ndilo kubwa, kwa sababu mimi nilikuwa hapa na nilishaambiwa la kufanya.

Siku hizi anameza kimoja tu, cha zahanati, saa kumi na mbili asubuhi. Haruki kitandani, anakaa kwanza kidogo ndipo asimame. Nimebandika karatasi kwenye friji yenye majina ya dawa zake zote, makubwa na madogo, na kila tukienda zahanati naibandua tunakwenda nayo. Vile vidonge vya magoti alivyokuwa ananunua dukani nesi amevizuia, kasema vingine hupandisha presha na kuumiza figo. Bagoong nayo imepunguzwa, maana ule mchuzi wa samaki ni chumvi tupu, na kwa hilo amenuna. Anasema mboga bila bagoong ni chakula cha sungura.

Tafadhali usitume tena dawa. Na zako usizigawe huko, najua mkono wako ulivyo mwepesi.

Nilimuuliza Mama kwa nini alimeza vyote viwili bila kumwambia nesi. Akasema, "We Leonila, cha asubuhi kilikuwa cha daktari. Cha jioni kilikuwa cha mwanangu. Miaka kumi na moja sijamwona, ananitumia kitu ameandika kwa mkono wake, nikiache kwenye kabati?" Nesi Jocelyn alivichukua vidonge vilivyobaki, lakini Mama alikidai kichupa. Kipo kitupu karibu na sanamu ya Bikira, maandishi yako yametazama mbele. Asubuhi anameza cha daktari huku anakiangalia.

Saa kumi na mbili yetu ya asubuhi ni saa sita yenu ya mchana, na kwenu bado ni jana. Unakuwa umekaa kula. Piga saa hiyo.

Rodel wa shangazi anasafiri Alhamisi na ndiye atakayekupa barua hii mkononi. Msalimie sana Benedicto, na yule bibi wa meno. Saling anakusalimu, tumbo limepona. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe usingizi, na atukutanishe Mama akiwa bado anatukemea.

Nafasi iliyobaki chini kaniomba Mama.

Mimi dada yako akupendaye siku zote,
Leonila

Perlita, nilianguka mimi, hukuniangusha wewe. Kidonge nameza. Simu naingoja. Mama.