Mzungu wa Cherehani Ukutani

Oneroa, Mangaia
4 Machi 2018

Mwanangu Teinakore,

Kia orana. Huku hatujambo, ni goti langu tu linalosumbua. Wewe hujambo? Unakula vizuri?

Meli imefika jana. Kuona kifurushi nikaita watu, nikamwita na mchungaji, maana nilijua ni baba yako anarudi. Tukafungua mbele ya wote. Ebo! Mzungu kavaa gauni refu, anachekelea, mkono juu ya cherehani! Tangazo la dukani la zamani, limewekwa kwenye fremu ya dhahabu! Mimi nilikutumia picha ya baba yako Tamuera uikuze, uitie fremu, uirudishe. Sina nyingine. Sasa hii ni nini?

Mama yako

Māngere, Auckland
2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Kia orana. Pole na goti. Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hospitali kunachosha.

Usikasirike. Huku matangazo ya zamani ya cherehani ni mapambo ya nyumba, watu wanayagombania. Nilipoliona nikakukumbuka, cherehani yenyewe ni kama ile yako ya mkono. Nikasema ukuta usikae mtupu. Picha ya Baba itakuja.

Binti yako

Oneroa
20 Mei

Mwanangu,

Kia orana. Goti lina nafuu, roho ndiyo haina.

Unajua ulichonifanyia? Jirani yetu Mama Ngapoko alikuja na wenzake kushona, akamwona huyo mwanamke niliyemtundika ukutani pasikae patupu, katikati ya picha za babu na bibi zako. Hakuuliza! Kavua shingoni ei yake ya maganda ya pupu, kaitundika kwenye fremu, kainamisha kichwa, kasali. Na wenzake wakavua zao. Na wewe unajua, picha ikishavishwa ei katika nyumba hii, aliyemo ni marehemu wetu. Sasa Oneroa nzima inanipa pole! Wengine wananong'ona eti ni mke wa kwanza wa baba yako, alimwacha huko New Zealand. Nikiwaambia ni tangazo la biashara, wananishika mkono: "Pole, Mama Akaiti, wivu utaisha." Wivu! Nimwonee wivu cherehani!

Lete picha ya baba yako.

Mama yako

Māngere
15 Julai

Mama,

Kia orana. Goti linaendeleaje? Nimecheka hadi wenzangu kazini wameniuliza nina nini. Mpe Mama Ngapoko salamu.

Nimekutumia tangazo jingine, dogo, la paka anayechezea uzi wa cherehani. Litundike jikoni.

Binti yako

Oneroa
29 Agosti

Teinakore,

Kia orana. Mimi mzima, na nimechoka nawe. Nakuomba mume wangu, unaniletea paka!

Niambie kweli. Umeipoteza? Kama umeipoteza sema, tujue moja.

Mama

Māngere
30 Septemba

Mama,

Kia orana. Sijaipoteza. Ilishatiwa fremu kitambo, iko mezani kando ya kitanda changu. Nikitoka kazini namwambia, Baba, nimerudi.

Ninyi mlimzika. Mlikesha naye, mkaimba, mkamfunika kwa tandiko la maua mlilomshonea. Mimi nilikosa tiketi, nikabaki hapa. Kwangu bado yuko huko anapalilia taro. Nikikurudishia picha, utamvisha ei siku hiyo hiyo. Sitaki, Mama. Nitakutumia matangazo ya cherehani mpaka nyumba ijae.

Binti yako

Oneroa
25 Novemba

Mwanangu,

Kia orana. Barua yako niliisoma kwa hasira, nikaitupa, nikaiokota. Ndiyo maana nimechelewa kujibu. Kichwa kigumu hukukitoa kwangu, ni kwa Tamuera.

Mvua zimenyesha, konokono wa pupu wametoka. Nimepanda kwenye mawe na goti hili bovu, Mama Ngapoko nyuma yangu ananigombeza. Nimeokota, nimechemsha, nimetoboa, nimetunga. Ni ei ya baba yako. Nilitaka kumvisha mwenyewe siku picha itakapofika, lakini mimi nilishamvisha akiwa jenezani. Naituma kwako. Picha baki nayo, mimi sura yake naijua.

Ila usikae naye hivyo, mwanangu. Utaumia bure. Na paka sitaki tena, umenisikia?

Mama yako

Māngere
13 Januari 2019

Mama yangu,

Kia orana. Ei ilifika kabla ya Krismasi. Sikuweza hata kuigusa.

Leo nimetoka kanisani, nikamvisha.

Mama, Baba amekufa.

Binti yako