Koncheto ya Gerishon Mbugua

Mwaka umetimia sasa, Baba Shiku, tangu ulipotutoka, zikiwa zimebaki siku chache tu upige koncheto yako, ule muziki mrefu wa gita moja mbele ya okestra nzima. Uliungojea miaka mingi. Tumechoka kukulilia, na bado tunakulilia.

Ulifundisha gita pale orofani River Road, ukashindana na honi bila kukasirika. Kwenye mazoezi uliwabembeleza wapiga fidla: "Wazee, punguzeni kidogo, hii gita haina mapafu." Walicheka, wakapunguza.

Na zile kucha! Za mkono wa kulia ulizifuga kwa ajili ya nyuzi, ukazipiga msasa kila asubuhi kama bibi harusi. Sufuria hukuosha, jembe hukushika. Dada yako Wangu alikutania, mimi mkeo nikisikia, "Wewe ulioa gita, Waithera ni mgeni tu hapa."

Tulipokuzika Kinoo, wanaume walishika sepetu kufukia kaburi kama ilivyo desturi. Wanafunzi wako wakaingia kupokezana, na binti yetu Shiku, naye mpiga gita kama wewe, akamnyang'anya mmoja sepetu yake. Walipomaliza hakuna aliyebaki na kucha nzima. Okestra ilikuwa imemwomba Shiku apige mahali pako wiki hiyo hiyo, lakini bila kucha hangeweza, ikabidi iahirishe. Hatukumlaumu. Angewezaje kusimama akitazama?

Tangu kucha zake zilipoota tena, hapa nyumbani Woodley ni sehemu ile ile ya polepole ya koncheto yako kila jioni. Akikosea, anarudi mwanzo. Nikwambie ukweli mume wangu, nilichoka. Nilitoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Siku moja nilimwambia auze hilo gita tupumzike.

Akaniambia, "Mum, najua umechoka. Hata mimi nimechoka. Lakini wacha nipige tu hii moja ya Daddy, halafu tuone."

Jumamosi hii anaipiga, kule mjini. Sijui kama ataimaliza. Sijui kama mimi nitaweza kuisikiliza hadi mwisho, maana mwaka mzima sijaweza. Tumewekewa viti vya mbele. Nimeomba nikae katikati kabisa ya safu, watu huku na huku, nisipate pa kutokea.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Waithera, watoto wako Shiku na Ken, dada yako Wangu, na wanafunzi wako wote.

Daima tutakukumbuka, Baba Shiku, hata tukichoka.