Makala Uliyoisogeza Kila Shaabani

Mama mpendwa,

Makala imetoka. Sikuitoa mimi, imejitoa yenyewe mkesha wa Ramadhani, wiki tatu baada ya kukuzika hapa Andoany, kisiwani tulikohamia, na mimi nilikuwa jikoni sina habari.

Unaikumbuka ratiba yetu. Kila Shaabani, watu wanapopita nyumba kwa nyumba kuombana radhi, ulikuwa ukija kuketi nyuma ya kompyuta yangu na kuuliza, "Ile habari ya baba yako iko wapi?" Nakujibu imeshapangwa, itatoka Ijumaa kwenye blogu. Nawe hukosi: "Sogeza." Naisogeza mwaka mzima mbele. Safari moja nilichoka, nikakwambia hata wauaji wana bahati kupata wakili kama wewe. Hukunifokea. "Habari yako haijaisha," ulisema, ukaenda kuangalia chungu chako. Siku ile nilikuchukia.

Haijaisha vipi, na kila kitu nilikiandika? Mahajanga, mji wetu wa bandari, miaka ya sabini, siku zile wenyeji walipotuwinda sisi Wakomoro mtaa kwa mtaa. Baba akanishindilia ndani ya pipa la mchele, mlango ukapasuka. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, yuleyule aliyekuwa akinipakia kwenye baiskeli za wateja wake, aliingia wa kwanza na panga. Pigo moja begani, la pili shingoni. Sauti aliyoitoa baba haikuwa ya mtu. Wewe uliyashika makali kwa mkono, vidole vyako viwili vikaanguka mkekani, na bado hukuachia. Wakakupiga rungu la kichwa, ukaanguka juu ya damu ya mumeo, macho wazi. Nilikuwa nachungulia, mfuniko wa pipa nimeuinua kidogo. Fundi akageuka, akaniona. Kisha giza. Niliandika kwamba nilizimia.

Jina lake nililiweka mstari wa kwanza, kamili, na la baba yake.

Mwaka huu hukuwepo kuniambia nisogeze, na mimi msiba ulinisahaulisha. Nilikuja kukumbuka siku ya arobaini yako, tukipika futari ya hitima, alipoingia uani mwanamke nisiyemjua, vumbi la safari mpaka kwenye kope, simu mkononi imefunguka kwenye blogu yangu. Akasema kwa Kimalagasi kwamba ametoka Mahajanga, ni binti wa fundi. Nikainua mwiko. Wallahi, mama, nilitaka kumpasua uso mbele ya wasomaji wote wa hitima.

"Nipige, dada, lakini nimalize kwanza. Baba haoni tena. Nimemsomea makala yako mara mbili. Anasema yote ni kweli, jina lake liache. Ila hukuzimia. Wenzake walimuuliza mna nini ndani ya pipa. Akasema mchele, akafunika."

Sikumpiga. Sikumkaribisha futari pia.

Ulikuwa umelala pale, macho wazi. Ulimwona akifunika. Miaka yote hii ulijua, ukanyamaza, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Nadhani uliogopa nisije nikamshukuru. Simshukuru. Baba alikuwa mzima kabla mtu yule hajaingia. Lakini nimelala na ule mfuniko kila siku tangu nisikie, na kila nikiuinua naukuta mkono wake juu, una damu ya baba.

Leo nimeirudisha makala kwenye rasimu. Nimefuta "nilizimia", nimeandika "alinifunika". Jina lake limebaki mstari wa kwanza. Pale pa tarehe sikupanga kitu. Nimebonyeza "chapisha" mwenyewe, sasa hivi, kwa mkono huu wenye vidole vyote vitano.

Pumzika, mama. Hakuna tena cha kusogeza.

Mwanao, wa ndani ya pipa