Alama Yangu ya Mwenendo

Bunia, Mudzi-Pela
Tarehe 12 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Dorothée,

Amani iwe nawe huko Aru. Mguu wako unaendeleaje? Na watoto, wote wazima? Siye huku tunaamka, na hilo tunalishukuru. Mimi sitoki tena kitandani. Kifua kimechoka, na daktari ameacha kuniahidi. Usilie, miaka themanini na miwili si haba.

Asali yako imefika. Dereva aliileta mwenyewe mpaka mlangoni. Huu ni mwaka wa sita unaituma, nami nimekula yote bila kukuandikia hata mstari mmoja wa asante. Leo nakushukuru, na nakueleza kwa nini nimechelewa.

Wiki iliyopita padri alikuja kunipaka mafuta na kuniungamisha. Kuhusu hasira sikuwa na la kuungama. Nilifundisha miaka arobaini bila kupandisha sauti wala kumpiga mtoto, na kila jioni nilijichunguza. Nilijiona mtu mpole.

Padri alipoondoka, nilimwita Ketsia, mke wa mwanangu Yannick, ambaye ndiye anayeniogesha. Nilimwomba anitilie alama ya mwenendo, kama nilivyowatilia wanafunzi kwenye bulletin zao, karatasi za matokeo, wala asiniogope. Akacheka. "Papa, niandike na biki ya bluu ao nyekundu?" Kisha akainama, akaendelea kunisugua miguu.

Mke wangu Bibiane ndiye aliyejibu, kutoka jikoni.

"Nyekundu. Muzee, weye haukupigaka mutu. Ulikuwa unasukuma sahani na kunyamaza. Siku tano, siku kumi. Siye tunatembea mu nyumba kama wezi. Uliza Dorothée."

Nikajikuta nimegeukia ukuta ili nimnyamazie na yeye. Hapo ndipo nilipomwamini.

Nimekufikiria sana tangu siku hiyo. Ulipokimbia vita vya Djugu na watoto watatu, ulifikia kwangu. Siku moja uliniambia mbele ya wageni kwamba nimekosea, na ulisema kweli. Siku kumi na saba sikugusa chakula ulichopika. Siku ya kumi na nane ukapandisha watoto kwenye lori la Aru. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba umeondoka kwa hiari yako, kwamba sikukuambia neno baya hata moja. Ni kweli. Sikukuambia neno lolote.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilipojichunguza peke yangu, nilijiuliza tu yale niliyojua majibu yake. Namshukuru Mungu kwa mdomo wa Bibiane na kicheko cha Ketsia. Zaidi nakushukuru wewe, uliyeendelea kunilisha ingawa nilisukuma sahani yako. Siku hizi Bibiane ananipa asali hiyo kwa kijiko, nami nafungua kinywa kama mtoto.

Yannick na Ketsia wanakusalimu. Bibiane anasema amekukosa sana, hana wa kucheka naye jikoni. Nisalimie mwanao Clémence na wadogo zake, na Mungu aliyewavusha njia ile awape kuzeeka kwa amani.

Jumapili baada ya misa Ketsia atakupigia simu na kuniwekea sikioni. Ukisikia kimya, usikate. Safari hii ni pumzi tu imepungua. Ngoja kidogo, nitaanza mimi.

Ni mimi yaya yako, kaka yako mkubwa nikupendaye,

Laurent