Gego Linaloshika Meno ya Mbele

Jumatatu, 7 Julai

Alfajiri, kuswali, mswaki. Ulimi ukaingia shimoni. Simenti iliyoziba gego imetoka. Imekaa kiganjani kama chembe ya chokaa.

Gego hili ndilo linaloshika waya ya meno yangu ya bandia ya mbele. Bila hilo, meno huanguka. Na Salma, mjukuu wangu, ameanza kunirekodi kwenye simu: majina ya visima na mashamba ya kisiwa tulichokihama kwa vita nikiwa msichana. Hayakuandikwa popote. Yamejaa sauti za ulimi kugusa meno. Kinywani mwa kibogoyo ni upepo mtupu.

Nimekasirika siku nzima.

Jumatano, 9 Julai

Kliniki. Daktari Kache, binti kutoka kijiji cha Jilore, mkono mwepesi. Akaniuliza: alipoziba mara ya kwanza, nilifanya nini nilipofika nyumbani? Nilisukutua maji ya chumvi ya vuguvugu, kama afanyavyo kila mtu hapa Malindi mdomo ukiguswa.

Alicheka mpaka akashika kiti. "Bibi, hiyo ni ya jino lililong'olewa! Simenti hii ikinywa maji kabla haijakomaa, inalainika."

Ameziba upya. Ni unga wa kioo uliokorogwa na asidi hafifu, hushikana na jino lenyewe. Safari hii amepaka juu yake utando mwembamba, kama rangi ya kucha, akaumulika kwa taa ya buluu. Unazuia mate yasiingie, na simenti isikauke upesi ikapasuka. Haahidi kitu. Ikitoka tena, jino lililobaki halitoshi kuzibwa. Atang'oa.

Alhamisi, 10 Julai

Bi Rukia wa nyumba ya pili kaja na bakuli la maji ya chumvi, yanafuka. Nimekataa.

"Haya, mtegemee huyo na rangi yake ya kucha! Ukibaki kibogoyo usinililie."

Kanuna, kaondoka na bakuli lake. Nimekunywa uji. Natafuna upande mmoja. Naogopa.

Jumapili, 20 Julai

Katikati ya chakula cha mchana, kitu chembamba ulimini, kama gamba la samaki mdogo. Kimetoka kwenye gego. Nimekaa jikoni nikalia. Siku tuliyohama sikulia. Leo nalia kwa jino. Nimempigia Salma asije.

Jumatatu, 21 Julai

Ni utando tu. Ukingo wake umebanduka. Kache kagonga simenti kwa chuma chake: mlio mkavu. Imekomaa. Utando, kasema, huliwa na kutafuna. Haukuwekwa udumu. Uliwekwa uivushe simenti siku za mwanzo, na umeivusha. Atalitazama tena baada ya miezi michache.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka tuktuk.

Jumamosi, 26 Julai

Salma amekuja. Tumekaa uani. Meno yametulia. Nimetaja visima vyote, kuanzia cha msikitini hadi cha mwisho ufuoni, polepole.

Akazima simu, akaanza kuyatamka majina mwenyewe. Kakosea moja. Nikamsahihisha. Akarudia.