Ukuta wa Chumba cha Mbele

Kinjumbi,
Jumapili, 22 Juni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Ni mimi Adija, kifungua mimba wako, nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kibaraza cha Mjomba Amiri. Nimeshiba, sina homa wala kikohozi, ila moyo tu ndio umejaa kupita kiasi. Natumaini wewe, Baba na mdogo wangu Salima mko salama huko Mchinga, na kwamba goti la Baba halimsumbui tena. Mjomba anakusalimu sana. Mkaza mjomba Hamida naye anakusalimu, na anaomba radhi kwa jambo utakalolisoma huko mbele. Amenihimiza nianze kwa kusema kwamba alilifanya kwa nia njema, basi nimelisema kabla ya lolote, asije akanilaumu.

Pengine umeshangaa kuona barua wakati simu ipo. Mama, unajua mwenyewe kila nikikupigia mkaza mjomba huweka spika, kisha huingia katikati kuuliza nani kaolewa huko Mchinga na kavaa nini. Habari niliyo nayo safari hii inataka tuwe wawili tu. Mjomba anakuja huko Jumatano, naye ndiye atakayekupa bahasha hii mkononi.

Ni habari ya nyumba yetu mliyoiacha hapa Kinjumbi mlipohamia Mchinga. Ulimwagiza Mjomba aibomoe masika yakiisha, ukasema nyumba inayooza kando ya njia ni aibu kwa wenyewe. Alikuwa aanze kesho asubuhi. Lakini jana aliirudisha sururu ndani, akasema nyumba ni yako, na hatagusa hata ufito mmoja mpaka asikie neno kutoka kinywani mwako. Kwa hiyo nakuomba Mama, usitoe neno hilo kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Shuleni kwetu kuna mwalimu mpya wa historia, anaitwa Mwalimu Veronika. Ni mrefu, anacheka kwa sauti kubwa, na ameanzisha klabu ya sanaa. Muhula huu alituambia kwamba hatutachora picha za kutundika ukutani. Tutatengeneza kazi moja ya pamoja, kubwa kiasi cha mtu kuingia ndani yake na kutembea. Tena tutaitengeneza kwa vitu vilivyochakaa, bila kuvisugua wala kuvipaka rangi, ili watu waone uzuri ambao kitu huupata kikiwa kinaisha. Wengi tulitazamana. Dismas, yule kijana wa Kipatimu ambaye hawezi kumaliza siku bila kuchokoza mtu, aliuliza kama na yeye anaweza kuleta suruali yake ya shule, maana inaisha kwa uzuri sana upande wa nyuma. Mwalimu akacheka kuliko sisi sote, akamwambia ailete.

Basi watu wakaleta. Genoveva alileta mbuzi ya nazi ya bibi yake, ambayo kiti chake kimekaliwa mpaka kimebonyea kama sahani. Wengine walileta kinu kilichopasuka, nyavu zilizokatika, na bati lililoliwa na kutu hadi likawa na matundu kama chujio la chai. Tatizo likawa mahali pa kuviweka, kwa sababu darasani hapakutosha. Hapo ndipo Dismas aliposema kwamba kwa nini tunahangaika, wakati nyumba ya kina Adija ni maonyesho tayari, tena yameandaliwa na mchwa bila kulipwa. Darasa zima liliangua kicheko.

Mama, siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Nilikunja kona ya daftari. Lakini baada ya kipindi Mwalimu Veronika aliniita, akaniuliza kwa upole kama ni kweli nyumba ipo, na kama mwenyewe angeridhia aione. Nikamwambia itabomolewa hivi karibuni. Akasema basi tuiage. Neno hilo ndilo lililonipa nguvu ya kumwendea Mjomba. Mjomba alikuna kichwa, akasema kwa kuwa nyumba inakwenda kuvunjwa, haoni ubaya wa watoto kuichezea kwanza, mradi tusiingie chumba cha nyuma ambako ukuta ulianguka.

Siku ya kwanza Mwalimu hakuturuhusu kugusa kitu. Alituketisha sakafuni katika chumba cha mbele, akatutaka tutazame tu. Sikuwahi kukaa ndani ya nyumba yetu namna hiyo. Jua lilipita kwenye matundu ya bati, likamwaga vidoa vya mwanga sakafuni, navyo vilikuwa vikisogea polepole kadiri jua lilivyosogea. Vichuguu vya mchwa vilipanda kwenye nguzo kama mito inavyochorwa kwenye ramani. Na ukuta, Mama! Pale udongo ulipobanduka, ulionyesha matabaka yake yote, moja juu ya jingine. Udongo mwekundu wa mlimani, kisha wa kijivu wa bondeni, kisha mweupe kidogo, kisha mwekundu tena. Nikawaeleza wenzangu kwamba kila mwaka kabla ya Mfungo ulikuwa unaisiriba nyumba upya, na kwamba ukikosa udongo wa mlimani ulichukua wa bondeni. Dismas aliutazama ukuta muda mrefu. Kisha akasema, bila mzaha safari hii, kwamba kwao ukuta ni wa tofali na hauna la kusimulia. Siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kikiwa juu.

Tulifanya kazi kila siku baada ya masomo. Tulitundika nyavu kwenye boriti ili vile vidoa vya mwanga vipite ndani yake. Tuliipanga mitungi iliyovunjika kufuata njia uliyokuwa ukipita kutoka mlangoni hadi jikoni, maana sakafu bado ina alama ya nyayo zako, imelika katikati. Ukuta wa matabaka tuliuacha kama ulivyo. Mwalimu alisema huo ndio moyo wa kazi nzima, na sisi wengine wote ni wapambe wake.

Maonyesho yalipangwa Jumamosi, yaani jana. Walialikwa mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji na wazazi wote. Sasa hapo ndipo mkaza mjomba Hamida anapoingia.

Alisikia kwamba wageni wakubwa wanakuja kuitazama nyumba ya wifi yake. Mama, wewe unamjua. Hakuuliza wanakuja kutazama nini. Alhamisi, sisi tukiwa darasani, alikusanya wanawake wa mtaa mzima, wakachota maji, wakakanyaga udongo, wakaisiriba nyumba yako yote ya mbele, ndani na nje. Nilipofika nilisikia vigelegele kabla sijaona kitu. Wamesimama mlangoni, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, wananingoja nifurahi. Ukuta wetu wa matabaka ulikuwa umelowa, mwekundu, laini kama chapati. Mkaza mjomba akaniambia kwamba asingekubali wageni wa shule wakute ukuta umebanduka kama mjusi anayejivua ngozi, halafu waseme mtoto huyu hana wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasifu kwamba sasa nyumba imepata haya.

Ningefanya nini, Mama? Ulinifundisha kwamba mkono uliokutumikia hushukuriwa kwanza. Niliwapa mkono mmoja mmoja, nikawashukuru, nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka shingo ya sare ikalowa.

Mwalimu Veronika alipokuja, alisimama mlangoni, akaweka kiganja mdomoni. Nilifikiri atakasirika. Badala yake aliwaomba wale wanawake waje Jumamosi kama wasanii wenzetu, akasema kazi yetu imepata tabaka jipya na ni lazima wenye tabaka hilo wawepo. Mkaza mjomba alifurahi sana, ingawa aliniuliza baadaye pembeni kwamba hivi mwalimu wenu ni mzima? Dismas alipendekeza tuyape maonyesho jina la Uzuri wa Hamida.

Jana watu walijaa. Mkuu wa shule alisimama chumba cha mbele kutoa hotuba, akausifu usafi wa ukuta, akasema wanafunzi wengine waige. Lakini udongo ule ulipakwa kwa haraka, Mama. Hawakuulowesha kwanza ukuta wa zamani kama unavyofanya wewe, na jua la siku mbili lilikuwa limepiga moja kwa moja kupitia bati bovu. Nyufa zilikuwa zimeanza tangu asubuhi. Mkuu wa shule alipofika kwenye neno maendeleo, pande la udongo lilibanduka juu ya bega lake, likaanguka puu karibu na kiatu chake. Likafuata la pili, na la tatu. Watu wakarudi nyuma. Dismas akanong'ona kwamba nyumba nayo inataka kuhutubia. Mkaza mjomba alijifunika uso kwa kanga, akawa anasema jamani, jamani.

Udongo mpya haukuanguka peke yake. Ulikuwa umeshikana na wa zamani, ukauvuta, na matabaka yote yakashuka pamoja hadi kwenye ule udongo wa kwanza kabisa uliopigwa juu ya fito. Vumbi lilipotulia, pembeni mwa mlango wa chumba cha ndani, usawa wa kiuno changu, tuliona alama ya mkono. Mkono ulikuwa wazi kabisa, vidole vyote, na kidole kidogo kimepinda kuelekea nje. Niliujua hapo hapo. Ni mkono wako wa kushoto, Mama, na kidole kile ulichobanwa na mlango ukiwa mtoto.

Na kando yake palikuwa na mkono mwingine. Mdogo sana, kiganja chake kama kifuniko cha chupa ya soda, vidole vifupi vimetanuka kwa nguvu, kama vya mtoto aliyeshikwa kifundo cha mkono na kukandamizwa huku akicheka.

Nilifurahi mno. Niliwaambia watu kwa sauti kwamba ule ni mkono wangu, mimi na mama yangu. Wakapiga makofi. Mjomba Amiri peke yake hakupiga. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akatoka nje.

Watu walipotawanyika nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopasuka. Akaniambia taratibu kwamba nyumba ile ilikandikwa mara ya kwanza miaka kadhaa kabla mimi sijazaliwa. Kisha akaniambia jina. Abdurahmani. Akasema alikuwa ameanza tu kusimama kwa kushika ukuta, na kwamba homa haikumpa hata wiki. Akasema baada ya maziko ulichota udongo peke yako, hukukubali kusaidiwa na mtu, ukausiriba ukuta ule kwa mkono wako mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulitaja jina hilo mbele yako, hata Baba. Na kila mwaka ulianza kwa kuusiriba ukuta ule.

Mama, sikuandikii haya ili nikuumize. Niliwaza usiku kucha kama niyaandike. Lakini siku zote nilidhani unaionea aibu nyumba yetu kwa sababu inaoza, nami nikaionea aibu pamoja nawe. Sasa najua kwamba hujawahi kuionea aibu. Ulikuwa unamfunika mwanao ili usimwone. Na kila tabaka uliloongeza lilimhifadhi vizuri zaidi, bila wewe kutaka, mpaka mistari ya kiganja chake inaonekana. Nilitazama kwa karibu sana. Inaonekana.

Ukisema nyumba ibomolewe, itabomolewa, na sitanung'unika. Mjomba ameniahidi hilo nami nakuahidi. Lakini nakuomba uje kwanza. Leo asubuhi wanafunzi wamekuja wenyewe, ingawa ni Jumapili na Genoveva ilibidi apitie kanisani. Tumesuka makuti mapya, tumeufunika upande ule wa paa ili mvua isiufikie ukuta. Mkaza mjomba ndiye aliyetufundisha kusuka, na hakuna anayeruhusiwa kupita karibu na ukuta na ndoo ya udongo, yeye mwenyewe analinda. Mwalimu Veronika aliwataka wanafunzi waache alama za mikono yao kwenye ukuta wa upande mwingine, na wote wameacha. Dismas ameacha wa kwake kisha akaniomba radhi kwa maneno aliyoyasema darasani. Nilimsamehe zamani, ila sikumwambia, nilimwacha aombe mpaka mwisho.

Wote walipoondoka niliuweka mkono wangu wa kushoto ndani ya alama yako. Unalingana, Mama, isipokuwa kidole kidogo. Ule wa kaka sijaugusa, wala sijamruhusu mtu auguse. Unakungoja wewe.

Mfikishie Baba salamu zangu, na umwambie mambo haya ukiona inafaa. Mbusu Salima, mwambie kitenge chake cha mwanasesere nimekishona. Mjomba atarudi Ijumaa, na kiti cha pembeni yake kwenye basi ningefurahi kikiwa na mtu. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe usingizi mwema, na akulainishie njia.

Akupendaye na kukungoja,
mwanao wa pili,
Adija.